Steenzi Zilizovuka Maji

Katika shule za Uingereza, mzazi anapomwandikisha mtoto hupewa fomu, na ndani ya fomu hiyo mna swali dogo: nyumbani kwenu husemwa lugha gani? Kwa wazazi walio wengi jawabu ni neno moja, na kalamu haisiti. Lakini mama aliyezaliwa Barawa, katika pwani ya Benadir, na akajifungulia mwanawe London, husita. Akiandika Kisomali, ameandika lugha ya nchi iliyokuwa katika pasipoti yake ya zamani, lugha aliyoisema sokoni na afisini, lakini siyo aliyobembelezewa. Akiandika Kiswahili, huenda akaletewa mkalimani wa Kiswahili sanifu, na wawili hao wakaelewana nusu na nusu. Akiandika Chimwini, karani huinua uso akamwuliza: hiyo ni lugha ya wapi?

La ajabu ni kwamba serikali inaijua. Katika orodha ya lugha ambazo shule za Uingereza hutumia kuwahesabia wanafunzi wao, imo lugha ya Barawa, au Mwini, nayo imetiwa chini ya mwavuli wa Kiswahili pamoja na jamaa zake wengine wa pwani. Basi Chimwini kina mahali pake katika daftari la ugenini. Swali lililobaki ni kama kina mahali katika kinywa cha mtoto anayeandikishwa. Hapo ndipo kisa cha Wabarawa kinapowahusu wote waliowahi kuhama na dini yao mkononi na lugha yao ulimini, wakafika mahali ambapo dini ina jina linalojulikana na lugha haina.

Mwini ni neno ambalo Mswahili wa visiwani hahitaji kufasiriwa akishalisikia vizuri. Ni mjini. Wenyeji wa Barawa waliuita mji wao kwa jina hilo tu, kana kwamba ulimwenguni hapana mji mwingine, na lugha yao wakaiita Chimwini, yaani Kimjini. Wengine huiita Chimbalazi. Ndiyo iliyo kaskazini kabisa katika ukoo wa lugha za Waswahili, na kwa kukaa mbali na ndugu zake imehifadhi mambo ambayo kwingineko yamepotea. Hutamka chi- pale ambapo sisi husema ki-. Hutenganisha irabu ndefu na fupi, hata urefu wa sauti ukaweza kubadili maana. Na kitendo kilichokwisha kutendeka hukitilia -ile mwishoni, kiambishi ambacho msomaji wa tenzi za kale za Lamu na Pate hukutana nacho akakipita kama mtu apitaye kaburi la babu asiyemjua. Barawani kiambishi hicho hakikuwa cha washairi peke yao. Muuza samaki alikitumia.

Watu wa mji ule walikuwa wa asili mbalimbali. Walikuwamo Wahatimi na Wabida, walikuwamo masharifu, walikuwamo Watunni ambao lugha yao nyingine ni aina ya Kisomali. Walifuma nguo, walishona makubadhi ya ngozi, walidarizi kofia ambazo jina la mji limeganda nazo hata leo. Mwanzoni mwa karne ya 16 Wareno wa Tristão da Cunha waliupiga mji na kuuteketeza, nao ukajengwa tena. Mwishoni mwa karne ya 19, wakati pwani ile ilipokuwa ikitoka katika mkono wa Sultani wa Zanzibar na kuingia katika mkono wa Wataliani, kadhi wa Barawa alikuwa akiandika katika daftari zake mauzo, mirathi, talaka na mikopo ya watu wake. Daftari za mwaka 1893 hadi 1900 zimesalia na zimekwisha kuchapishwa. Mtu akizifungua huona mji ulio hai, wanawake wakinunua na kuuza nyumba kwa majina yao wenyewe, wenyeji na wageni wakisimama mbele ya kadhi mmoja.

Zanzibar nayo haina haki ya kuiona Barawa kama nchi ya mbali. Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, aliyekuwa kadhi wa Kishafii Unguja na akafariki mwaka 1869, alikuwa mtu wa Barawa. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghany al-Amawy, mwanachuoni aliyewatumikia masultani kadhaa hata alipofariki mwaka 1896, alizaliwa Barawa. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa huko mwaka 1847, alisafiri hadi Baghdad, akarejea na ijaza ya tarika ya Kadiria, akaja Zanzibar zama za Sayyid Barghash, na dhikri aliyoiacha ikavuka hadi bara. Huyo aliuawa mwaka 1909 huko Biyole, kwa mikono ya Waislamu wenziwe, wafuasi wa Sayyid Mohamed Abdulle Hassan. Wabarawa hawajaisahau tarehe hiyo, kwa kuwa haikuwa ya mwisho ya namna yake.

Sheikh Uways na wanafunzi wake walikuwa na shida ya kawaida ya walimu wa dini: elimu ilikuwa katika Kiarabu, na watu wengi, hasa wanawake, hawakuwa na Kiarabu. Dawa waliyoitumia ilikuwa ushairi katika lugha ya nyumbani. Sheikh Qasim Muhyiddin alitunga kwa Chimwini. Mwalimu Nuri alitunga kwa Chimwini. Tungo hizo Wabarawa huziita steenzi, neno ambalo ni ndugu wa tumbo moja na utenzi wetu, nazo zilifundisha sala na saumu, sifa za Mtume na hesabu ya akhera, kwa maneno ambayo mama aliyekaa jikoni aliweza kuyahifadhi mkono wake ukiwa ungani. Kwa njia hiyo dini iliingia ndani ya lugha, na lugha ikaingia ndani ya dini, mpaka ikawa vigumu kuvitenganisha.

Mkubwa wao katika nyoyo za watu ni mwanamke. Dada Masiti, ambaye jina lake la nasaba ni Mana Sitti Habib Jamaluddin, aliishi umri mrefu sana na akafariki mwishoni mwa muongo wa pili wa karne ya 20. Masimulizi ya Barawa yanasema kwamba katika udogo wake alichukuliwa akapelekwa Zanzibar, akakaa huko miaka katika dhiki, kisha jamaa zake wakampata na kumrejesha kwao. Namna alivyochukuliwa husimuliwa kwa sura zaidi ya moja, na watu wa heshima hawaidadisi sana. Linalojulikana ni kwamba aliporejea alijitenga na mambo ya dunia, akasoma, akawa bibi wa mji mzima katika mambo ya roho. Marthia yake juu ya Sheikh Nureini Ahmad Sabir, aliyefariki mwaka 1909, ndiyo steenzi iliyoenea kuliko zote. Wabarawa huisoma matangani. Mtu aliyewahi kuporwa akiwa mtoto na kurudishwa ndiye aliyewaachia wenziwe maneno ya kuagia.

Mwanzoni mwa mwaka 1991 serikali ya Mohamed Siad Barre ilianguka, na nchi ya Somalia ikaingia mikononi mwa wenye bunduki. Barawa ilikuwa na wafumaji, washonaji, wavuvi na walimu. Haikuwa na jeshi la ukoo. Kila kundi lililopita lilichukua lake: dhahabu, nguo, mabati, milango. Wanawake walitendewa yasiyoandikika. Waporaji walikuwa Waislamu, na waliporwa walikuwa Waislamu, na adhana iliendelea kusikika. Sababu iliyotolewa, pale ilipotolewa, ni kwamba watu hawa si Wasomali kamili. Lugha yao ilikuwa ushahidi dhidi yao.

Basi wakapanda majahazi na mashua wakashika njia ya kusi, njia ile ile ya babu zao, ila safari hii bila shehena. Si vyombo vyote vilivyofika. Waliofika Mombasa waliwekwa kambini, na kambi moja ikaitwa Benadir kwa jina la pwani waliyoikimbia. Hapo palitokea jambo linalostahiki kufikiriwa. Walikuwa wakimbizi katika mji ambao lugha yake ni binamu wa lugha yao, ambao misikiti yake ilisoma Barzanji kama wao, ambao wenyeji wake wengine walikuwa na ujamaa nao wa ndoa na biashara tangu zamani. Mkate wa mofa, ambao Mombasa ilikuwa imekwisha kuujua, ulipata wapishi wapya. Lakini ujamaa haukuwa kibali cha kukaa. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya Kenya ilizifunga kambi za pwani. Wengine walihamishiwa Kakuma na Dadaab, katika jua na vumbi ambavyo mtu wa bahari hakuwahi kuviota. Wengine walijificha mitaani kwa ndugu. Wengine walipata njia ya kwenda mbali. Kuanzia miaka hiyo Marekani iliwapokea baadhi yao, wakaangukia Columbus katika jimbo la Ohio na Atlanta katika jimbo la Georgia. Wengi wengine walifika Uingereza, hasa London.

Huko London Mbarawa alikuta amekwisha kutengenezewa majina. Kwa idara ya uhamiaji alikuwa Msomali, maana alitoka Somalia. Na ili aaminiwe kuwa ni wa kabila dogo lililoteswa, alipaswa kuthibitisha lugha ile ile iliyomponza. Kwa jirani yake Mzungu alikuwa mweusi. Kwa msikiti wa mtaa, uliojengwa na Wapakistani au Wabengali, alikuwa Mwafrika. Kwa Wasomali wengine, waliomtangulia na walio wengi kuliko yeye, alikuwa ndugu katika karatasi na mgeni katika mazungumzo. Na kwa Mswahili wa Unguja au Mombasa aliyekutana naye dukani alikuwa mtu ambaye maneno yake yanajulikana lakini sauti yake siyo. Hapana hata mmoja kati ya hao aliyesema uwongo. Ila walipoyajumlisha majina yote hayo, halikupatikana lake.

Ndani ya nyumba jina lilikuwapo. Wanawake walikuwa nalo. Walikusanyika sebuleni, katika fleti ya ghorofa ya tano au ya saba, viatu vikapangwa mlangoni, udi ukafukizwa kwa hadhari ili king'ora cha moto kisilie, na steenzi zikasomwa. Waliozihifadhi hawakuhitaji karatasi. Wengi wao hawakuwahi kuziona zimeandikwa. Yule ambaye nyumba yake iliporwa mpaka mlango alikuwa bado na beti zake zote, kwa kuwa hapakuwa na mwenye bunduki aliyejua kwamba zina thamani. Methali yetu husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Wabarawa hawakuiacha asili, walifukuzwa kwayo. Lakini sehemu yake moja walitoka nayo, na sehemu hiyo ilikuwa shairi.

Watoto wao walisikiliza kutoka chumba cha pili. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na haifai kuyapamba.

Mtoto aliyezaliwa London mwaka 1998 alikwenda shule akasoma kwa Kiingereza. Jioni alikwenda chuoni akasoma Kurani kwa Kiarabu. Nyumbani alisemeshwa Chimwini na akajibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wa wahamiaji wote. Kisomali alikiokota kwa wenziwe uwanjani. Kiswahili alikisikia kwa mama, aliyejifunza cha Mombasa kambini na akakichanganya na chake hata mtoto asijue mpaka uko wapi. Kati ya lugha hizo tano, nne zina vitabu, zina redio, zina watu mamilioni nyuma yake. Moja ina bibi.

Kisha mtoto akakua, akaanza kuuliza maswali ya dini kwa bidii ambayo wazazi wake hawakuwa nayo katika umri wake. Barawani hapakuwa na haja ya kuuliza mtu ni Mwislamu wa namna gani. Mji mzima ulikuwa msikitini. London huulizwa kila siku, na gazeti, na mwalimu, na askari wa uwanja wa ndege. Kijana alitafuta jawabu safi, akakutana na walimu waliomwambia kwamba Uislamu hauna kabila, hauna mji, hauna nyimbo za mabibi. Kwamba maulidi ni uzushi, kuzuru makaburi ni hatari, na steenzi, kwa kuwa zinamtaja sheikh na kumtaraji shafaa, ni za kuangaliwa kwa shaka. Jawabu hilo lilikuwa na utamu wake. Lilimtoa katika masikitiko ya wazee, likampa ndugu wa kila rangi, likampa jina moja lisilohitaji maelezo. Aliyekuwa si Msomali kamili, si Mwingereza kamili, si Mswahili kamili, akawa Mwislamu kamili.

Si haki kumcheka kijana huyo. Kuna ukweli katika alichokiona: dini ya Mtume haikuja kwa ajili ya mji mmoja wa Benadir. Wala hapana lawama kwa mtu anayetaka kumwabudu Mola wake bila kubeba magomvi ya koo za wazazi. Lakini kuna hesabu moja ambayo aghalabu huisahau. Bibi yake aliujua Uislamu kwa Chimwini. Nguzo za dini alizifahamu kwa beti. Hofu ya kaburi na matumaini ya rehema zilimjia kwa sauti ya Dada Masiti. Akiambiwa na mjukuu wake kwamba hayo yote yalikuwa kosa, ameambiwa kwamba miaka sabini ya sala zake ilipita mlango usiokuwa wenyewe. Na mjukuu akiuziba mlango huo, hana mwingine wa kuingilia katika moyo wa bibi, kwa maana Kiarabu chake bibi hakijui na Kiingereza chake bibi hakitaki.

Barawa yenyewe iliipata hoja hiyo kwa ukali zaidi. Kwa miaka kadhaa mpaka Oktoba 2014, mji ulikuwa chini ya al-Shabaab, kundi ambalo katika sehemu lilizozitawala lilibomoa makaburi ya mashehe wa Kisufi. Majeshi ya serikali ya Somalia na ya Umoja wa Afrika ndiyo yaliyoutwaa mji mwezi huo. Kwa hiyo Mbarawa wa London aliyekuwa akisoma steenzi sebuleni mwaka 2012 alikuwa akifanya jambo ambalo katika mji wa steenzi hizo lingemtia hatarini. Ughaibuni palikuwa mahali salama pa mila kuliko kwao. Hilo ni geni kulitamka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hata hivyo ughaibuni nako usalama una mipaka. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 2013, kituo cha Kiislamu kilichotumiwa na jumuiya ya Wabarawa huko Muswell Hill, kaskazini ya London, kiliteketea kwa moto. Ilikuwa wiki mbili tangu askari mmoja kuuawa barabarani Woolwich na watu waliodai kutenda kwa jina la Uislamu. Ukutani palikutwa herufi za kundi lenye uadui na Waislamu. Watoto walikuwa wakija hapo baada ya shule kusoma. Asubuhi palikuwa na chuma kilichopinda na majivu ya vitabu.

Ziwekwe pamoja tarehe mbili hizo, 1991 na 2013. Katika ya kwanza, Wabarawa waliporwa kwa kuwa hawakuwa Wasomali wa kutosha. Katika ya pili, jengo walilolitumia liliwaka kwa kuwa Waislamu. Aliyepora na aliyechoma hawakujuana na wasingependana, lakini kila mmoja wao alimtazama Mbarawa akaona jina alilompa mwenyewe. Hapana aliyeuliza katika fomu yake: nyumbani kwenu husemwa lugha gani?

Aliyeuliza alikuwa jirani. Ramadhani ya mwaka huo ilipoingia, Wabarawa hawakuwa na mahali pa kufuturu pamoja na kusali tarawehe. Sinagogi la Kiyahudi la Finchley Reform liliwafungulia milango yake. Walikula pamoja tende na sambusa, na Waislamu wakasali katika nyumba ya Mayahudi, na mwaka uliofuata wakaalikana tena. Magazeti yaliandika kwamba ni ajabu. Pengine haikuwa ajabu kwa wenye nyumba. Mayahudi wa kaskazini ya London wengi wao ni wajukuu wa watu waliokimbia na vitabu vya sala mikononi, waliozungumza nyumbani lugha ambayo wajukuu hawaisemi tena. Walijua maana ya kuwa na dini inayojulikana na mji usiokuwako. Hawakuwataka wageni wao wawe kitu kingine kabla ya kuwakaribisha.

Katika miaka hiyo hiyo kazi nyingine ilikuwa ikiendelea kimya kimya. Mwaka 2004 ilichapishwa Tokyo kamusi kubwa ya Chimwini, tunda la kazi ya miaka mingi ya Mohammad Imam Abasheikh, mwana wa Barawa, na mwanaisimu Charles Kisseberth. Daftari za kadhi zilichapishwa mwaka 2006 na Alessandra Vianello na Mohamed Kassim. Baadaye wawili hao pamoja na Lidwien Kapteijns wakazikusanya steenzi zenyewe katika kitabu, na tafsiri zake. Lugha ambayo wengi wa wenyewe hawakuwahi kuiona katika maandishi ikapata kamusi, sarufi na diwani. Mpenda mashairi hana budi kuwashukuru. Wasingalifanya hivyo, mengi yangalifuata jeneza la mwisho.

Lakini kitabu hakisemi mpaka kisemeshwe. Irabu ndefu ya Chimwini yaweza kuandikwa kwa herufi mbili. Urefu wake wa kweli, yaani kadiri bibi anavyoivuta anapofika kwenye jina la Mtume, hauandikiki. Na bei ya kitabu cha wanavyuoni si ya mama mwenye watoto sita. Kwa hiyo steenzi zinaishi sasa katika nusu mbili. Nusu moja iko maktabani, imesahihishwa na kufafanuliwa. Nusu ya pili iko katika simu: sauti zilizorekodiwa sebuleni, zikatumwa kutoka London hadi Atlanta, kutoka Atlanta hadi Mombasa, na mtoto akilia nyuma yake, na vikombe vikigongana. Nusu hizo mbili hazijakutana vizuri. Atakayezikutanisha lazima awe mtu anayesoma kitabu na anayeielewa sauti, na mtu huyo hawezi kuwa mwingine ila mmoja wa wale watoto waliokuwa wakijibu kwa Kiingereza.

Wapo wanaoanza. Wanaanza kwa namna isiyotarajiwa, aghalabu matangani. Bibi anafariki. Jeneza limekwisha kutoka, wanaume wamerudi kutoka maziarani, na wanawake wamekaa chini. Mwenye sauti anaianza marthia ya Dada Masiti, na wazee wanaitikia. Mjukuu amekaa kati yao na mtandio kichwani. Tangu utotoni ameisikia sauti hii. Aweza hata kuitikia mahali pake, maana ulimi umezoea. Lakini siku hiyo neno moja linamkwama. Amelitamka mara mia bila kulijua. Anamwinamia shangazi aliye karibu naye, na kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza, anauliza maana yake.

Shangazi huyo ana njia mbili. Aweza kumwambia anyamaze, kwamba si wakati wake, na angekuwa na haki, kwa kuwa ni msiba. Au aweza kumjibu. Akimjibu, itambidi afasiri neno la pili ili la kwanza lieleweke, na la tatu, na aeleze kwa nini tendo limeishia kwa -ile, na Sheikh Nureini alikuwa nani, na huyo bibi aliyemlilia alichukuliwa wapi akiwa mtoto na akarejeshwa na nani. Itambidi aseme kuhusu pwani ya mchanga mweupe na nyumba za mawe, na kuhusu mashua ya mwaka 1991. Hapo yule binti ambaye katika fomu ya shule aliandikiwa lugha moja na mama yake akiwa na miaka mitano, ataanza kuijaza fomu hiyo mwenyewe.

Steenzi haijakatika. Wanawake wanaendelea kuitikia. Shangazi anasogea, anampisha binti kwenye mkeka, na anaanza kumwambia polepole, kwa Chimwini.